Miaka Yangu ku Filet ya Matako-ya-Manjano

Josué na Grâce,

Niko na miaka kumi na saba na ninaingia retraite. Musicheke. Mutu mwenye anaamuka cinq heures asubuhi kila Samedi ya mwisho wa juma tangu deuxième secondaire, kisha Lundi analala mu cours ya chimie juu mwili haijui tena siku gani ni ya kazi na siku gani ni ya masomo, huyo amezeeka. Mugongo yangu ni ya muzee. Masikio tu njo ingali ya kijana, na mama yangu anasemaka nayo haina kazi, juu haisikiake.

Mwaka huu niko finaliste, mwaka wa mwisho wa secondaire. Examen d'État inaningojea na fimbo ku mukono. Yaya Noëlla, mukubwa wetu wa kazi, amesema mahali yangu mutachukua nyiye wawili, akaniomba niwaandikie mambo yenye najua. Juu ya cheo sitaandika kitu: nilianza nikibeba bambu, nimemaliza nikibeba bambu. Mushahara nayo tuiache. Ilikuwa mikate na sucré ya chupa, na siku zingine sucré ilikuwa inasahau njia.

Kwanza mujue kazi ni ya nini, juu watu watawauliza ku barabara na mutapata haya kama miye. Yaya Noëlla ni assistante ku université hapa Bunia. Anatafuta kujua kitu kimoja: ndege ya aina moja, ikiishi mu pori ya Nia-Nia, ikiishi mu mashamba ya Irumu, ikiishi hapa kwetu Ngezi katikati ya mabati, inabaki ile ile ao inabadilika? Pori inakatwa, joto inapanda, mabati ya muchana inawaka kama sufuria. Ndege yenye imebaki hapa inapashwa kujipanga. Labda mudomo yake inarefuka ili joto itoke. Sawa. Lakini huo mudomo ndege inaupata juu ya chakula yenye ilikula, ao iliurithi kwa mama yake na itaurithisha watoto? Kwa kujua ile, kuangalia haitoshe. Inaomba damu. Mu damu kuna ADN, ni kusema ukoo yote ya ndege imejificha mule, na ku laboratoire wanaweza kuisoma.

"Ndege inaweza kudanganya na nguo," Yaya anasemaka. "Ukoo haidanganye."

Ndege yetu ni ile ya kichwa nyeusi yenye inapiga kelele asubuhi kama wanaidai. Mu vitabu wanaiita bulbul. Chini ya mukia iko na rangi ya manjano, kwa hiyo ku kazi tunaiita Matako-ya-Manjano. Mbele ya wageni museme bulbul.

Siku ya kwanza sikuja kufanya kazi. Nilikuja kucheka. Nyuma ya avenue yetu niliona mama mumoja wa miwani na muzee mumoja wakisimamisha bambu mbili na kutandika kati yao wavu nyeusi, nyembamba sana, hata jua ikiipiga huioni. Ile njo filet. Nikapiga kelele nikiwa ku ukuta:

"Papa! Samaki za mbinguni zinauma leo?"

Muzee hakugeuka. "Zinauma. Leta kidole."

Nikaleta, juu miye sikataake mashindano. Akaingiza mukono yangu mu kafuko ka kitambaa, na kitu cha mule kikanikata ngozi. Niliruka. Yaya Noëlla alicheka mupaka miwani ikaanguka.

"Iko na vidole vidogo," muzee akamwambia, akinionyesha miye na kidole. "Tena haina akili. Tuibakishe."

Huyo alikuwa Papa Uketi, na yeye njo alinifundisha yote. Ni mutu wa Mahagi, upande wa ziwa. Alivua samaki miaka mingi mbele ya kuja kuishi Bunia na watoto wake, na anaangalia filet yetu vile mutu anaangalia mutoto ya ndugu yake: ni damu yake, lakini haikulelewa muzuri. Mwanzoni, mbuzi moja ilipasua filet. Papa akaishona na uzi yake ya samaki, fundo nene, nguvu, kazi safi. Samedi yenye ilifuata ndege zikaona zile fundo zikiwa mbali. Zikaja, zikakaa juu yake, zikatuangalia.

"Papa," Yaya akasema, "umezitengenezea viti."

Akaondoka. Alirudi na uzi nyeusi ya fundi wa nguo, nyembamba kama nywele, akafungua kila fundo na kuanza upya. Nyiye mukipasua filet, na mutaipasua, musiguse uzi mbele ya kumuita.

Namna ya kutosha ndege, ni kusema kuitoa mu filet, aliniambia mara moja na kunipiga kofi kichwani mara nyingi: "Mugeni anatokea mulango yenye aliingilia." Tafuta upande wenye ndege iliingilia, utaona tumbo yake. Tosha miguu kwanza. Kisha mabawa, kichwa mwisho. Ukianza na kichwa, utakaa pale mupaka sikukuu ya Noeli, na ndege itakuwa imekutukana kwa luga zote za Ituri. Kisha kafuko, mizani, pete ndogo ku muguu, kupima mudomo. Kisha damu: unapuliza manyoya chini ya bawa, unaona mushipa, Yaya anachoma na sindano ndogo. Tone moja tu. Inaingia mu kachupa, pamba inafinya mahali, na ndege inaenda zake. Musifanye vile miye nilifanya, kuambia ndege ya kwanza "pole, ni kwa ajili ya science". Wanafunzi wenzangu walinisikia ku ukuta, na tangu siku ile mu masomo yote jina yangu ni Docteur Kuku. Hata prof wa religion ananiita vile.

Nia-Nia sikufika. Damu ya kule ilichukuliwa na mwenzake Yaya mwenye alikuwa anakaa kule. Irumu tulienda wakati barabara ilikubali, juu barabara ile ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mulango ya choo ya watu wengi. Lakini kazi ngumu ilikuwa hapa hapa, Ngezi, dakika chache na kitanda yangu. Na Ngezi njo ilinimaliza.

Filet yetu ya Ngezi iko mu parseli ya Mama Dorcas, kiwanja ya nyumba yake, ku mwisho wa avenue. Mama Dorcas ni mujane, anafuga kuku, anasali kwa sauti ya juu, na chai yake iko na sukari ya kutosha kuua nyuki. Wakati tulianza, parseli yake ilikuwa na miti ya avoka na majirani walikuwa na yao. Ndege zilijaa. Kisha watu walianza kufika wakikimbia vita mu vijiji vyao. Wa Mama Dorcas walifika, wa majirani walifika. Kila familia ilitafuta mahali ya kusimamisha nyumba, na mahali yenyewe ilikuwa chini ya muti. Miti ikaanguka mumoja kwa mumoja, makala ya kupikia ikapatikana, mabati ikapanda. Sikusikia mutu mwenye alifanya vibaya. Huwezi kuambia mutu mwenye amefika na godoro ku kichwa kama mahali yake imechukuliwa na ndege.

Lakini filet ikakauka. Samedi moja, nyingine, nyingine tena. Tulikamata popo. Tulikamata shati ya mujukuu wa Mama Dorcas. Tulikamata jogoo yake, yenye ilipiga Papa Uketi ku uso. Matako-ya-Manjano hakuna. Mujue, kuchoka kwa kazi nyingi ni kitu kimoja, unalala inapona. Kuchoka kwa kungojea kitu chenye hakikuje, ile inaingia mu mifupa. Kila mara tulipokunja filet, Mama Dorcas alikuwa anasimama ku mulango.

"Mumepata ngapi?"

"Leo hakuna, Mama."

"Tena?" Alikuwa anashika kichwa na mikono yote mbili, kama tumemwambia kifo.

Kisha, Samedi moja, tukakuta ndege tatu mu filet mbele hata hatujakaa. Yenye ilifuata, inne. Filet tulikuwa tunaisimamisha Vendredi jioni na kuiacha imekunjwa nusu, na asubuhi Mama Dorcas anatufungulia yote mbele ya siye kufika, juu anaamuka kwa maombi. Tulisema Mungu amejibu hayo maombi. Yaya Noëlla alikuwa anaimba akipima midomo. Mavuno yakaendelea mupaka vichupa vikajaa, na mwenzake mumoja akavibeba mupaka Kampala, kutoka kule vikaruka Ulaya, ku laboratoire.

Jibu ilikuja kwa telefone, siku tulikuwa kwa Yaya tukiosha bambu. Profesere wa Ulaya, mwenye anaongoza thèse ya Yaya, kitabu yake ya udaktari, alikuwa na furaha, alizungumza mbio sana, na Yaya akaweka sauti juu ili siye tusikie. Damu ya Ngezi ilikuwa imewashangaza. Ndege zingine za Ngezi zilikuwa ndugu za ndege za Irumu. Si ndugu wa mbali: baba mumoja, mama mumoja.

"Basi kulikuwa na harusi," Papa Uketi akasema.

Profesere alikuwa na maelezo: ndege ya Irumu inasafiri, inakuja mu muji kukaa kidogo, labda juu mashamba inakauka. Kwa ndege hii, alisema, sijaona mutu ameandika kitu kama hicho. Andika, Noëlla. Hii njo thèse yako.

Yaya alimushukuru, akakata, akakaa juu ya bidon ya maji.

Mujue kitu gani kilikuwa mu mizani. Burse yake, franga zenye zinalipa masomo, ilikuwa inaisha mwaka ule. Pori alikuwa nayo, mashamba alikuwa nayo, na muji ilikuwa zile ndege za Ngezi. Kuzitosha ni kutosha muji, na thèse ya ndege yenye inazoea muji, bila muji, ni ugali bila unga.

"Yaya, ni habari muzuri, hapana?" nikasema.

"Docteur Kuku, hii ndege haisafiri vile. Iko na parseli kama mutu, inaipigania. Ndugu wa tumbo moja waache chakula ya Irumu, waruke barabara yote ile, waje wakae Ngezi mahali hakuna hata muti. Wanafuata nini? Mabati?"

Samedi yenye ilifuata tulienda mbele ya saa yetu. Ukungu ilikuwa ingali chini. Ku filet tukamuona Mama Dorcas amefunga kitenge ku kifua, kitunga ya kuku ku miguu yake. Alikuwa na Matako-ya-Manjano mu mukono, anaiingiza mu filet polepole, na kidole kimoja, vile unavalisha mutoto soksi.

"Ingia, baba, ingia," alikuwa anaiambia. "Wageni wako njiani."

"Mama Dorcas!" Yaya akasema.

Mama hakuruka. Alituangalia vile mupishi anaangalia wageni wenye wamefika mbele chakula haijaiva.

"Aa, mumewahi. Sijamaliza kuweka."

"Mama, hizi ndege zinatoka wapi?"

"Irumu. Shemeji yangu wa pikipiki anabebaka kuku Vendredi. Watoto wa kule wanazitega na gundi ya muti. Naosha gundi na mafuta kidogo, zinalala mu kitunga, asubuhi naweka. Zenye ziko na ugonjwa naachilia, usiogope. Nachagua."

"Tangu lini?"

"Tangu avoka ya mwisho ilianguka."

"Zote zilitoka Irumu?"

Mama akafikiri. "Zote hapana. Zingine zilikuwa zinakuja zenyewe. Lakini zipi? Zote si ziko na manjano kule nyuma?"

Papa Uketi alikaa chini, palepale mu umande.

"Juu ya nini, Mama?" Yaya akauliza, sauti ndogo.

Na hapa Mama Dorcas akakasirika, juu kwake maulizo haikuwa na maana. "Juu ya nini? Mutu anakuja ku kwangu kutafuta kitu, Samedi kwa Samedi, anarudi na vitambaa vitupu, avenue yote inaona. Watasema nini? Kwa Dorcas hata ndege inakosekana? Weye ukinikuta na njaa, utaniambia sufuria iko tupu? Utakimbia kwa jirani! Miye nilikimbia kwa jirani. Jirani yangu iko Irumu."

Alituletea chai. Tulikunywa, juu hakuna mutu alijua kitu kingine cha kufanya. Papa Uketi alisema polepole, "Noëlla, mutoto yangu. Profesere iko Ulaya. Yeye mwenyewe alisema zinasafiri. Weye hukusema."

"Tena ni kweli zilisafiri," nikaongeza. "Andika tu zilikuja na pikipiki, kwa herufi ndogo."

Alicheka kidogo, kicheko ya mutu mwenye meno inamuuma. "Papa, nikiandika ndege hii inahama tu ikikosa miti, kesho mutu atasema: kateni yote, ndege haina shida, iko na mahali pengine. Na maneno itakuwa ya miye."

Akatosha telefone akaita Ulaya, pale pale, chai mu mukono. Alieleza yote kwa Kifaransa. Profesere aliuliza "kwa pikipiki?" mara tatu. Kisha akasema *dommage*, ni kusema hasara, na Yaya akamwambia atoshe damu yote ya Ngezi tangu mwanzo wa mavuno. Yote, hata yenye labda ilikuwa ya kweli, juu haiwezekane kuitenga.

"Anasema nini?" Mama Dorcas akaniuliza.

Ninajua kuchekesha watu, njo kazi yangu ya kwanza. Siku ile nilitafuta mzaha sikuupata. "Anasema ndege zenye ulitupatia hazitatumika, Mama."

"Zilikuwa na ugonjwa?"

Uso yake ilianguka vile sijaona. Kwa sababu alikuwa anachagua, munasikia? Alikuwa anachagua zenye afya.

Yaya Noëlla aliacha telefone akamushika mukono. "Mama, hazikuwa na ugonjwa. Zilikuwa muzuri. Lakini zilikuwa wageni, na miye natafuta wenye nyumba. Zenye zimezaliwa hapa, zimevumilia hapa. Ikiwa moja, ni moja. Ikiwa hakuna, ni hakuna."

"Hakuna, nayo ni jibu?"

"Nayo ni jibu, Mama. Labda njo kubwa yao."

Mama Dorcas aliangalia kitunga. Alifungua kifuniko, na zenye zilibaki zikaruka juu ya mabati, zikazunguka, zikakosa muti, zikaenda.

Mengine ni kifupi. Burse iliisha kama ilivyopangwa. Yaya sasa anafundisha biologie ku secondaire siku zote za juma, na Samedi anakuja na macho mekundu kama yetu. Tulianza Ngezi upya. Sasa filet Vendredi inabaki imefungwa yote, na Samedi inafunguliwa na siye wenyewe. Tangu pale mpaka leo, ndege za kweli za Ngezi ni chache, unaweza kuzihesabu bila kuvua viatu. Kila moja yenye inaingia tunaipokea kama ministre. Kwa kupima, mudomo yao inaonekana murefu kidogo kuliko ya Irumu, lakini kuonekana si kitu. Damu iko njiani. Ikijibu, miye nitakuwa juu ya banc ya examen, muniambie.

Nilikuwa nafikiri nitatoka kazini na hadithi kubwa. Ninatoka na usingizi. Musiogope, si kazi mubaya. Ni kazi ya kuamuka asubuhi na baridi, kusimamisha bambu, na mara nyingi kurudi vile ulikuja, na Samedi yenye inafuata kuamuka tena. Wenye wanapenda makofi wacheze mupira.

Kitu kimoja tu njo naomba mukishike. Samedi mukimaliza, Mama Dorcas atasimama ku mulango atawauliza mumepata ngapi. Musimufariji. Musiseme "karibu tupate", musiseme "kesho". Ikiwa hakuna, mumwambie hakuna. Atashika kichwa na mikono yote mbili, itawauma, mutatamani kumudanganya kidogo. Mungoje. Atashusha mikono mwenyewe, ataenda kupasha chai.

Kisha muandike zero, na tarehe, na jina ya Ngezi, kwa herufi yenye inasomeka. Ku masomo zero zangu zilinirudisha mathématiques mara mbili. Hizi za ku filet njo za kwanza zenye mutu alinishukuru. Zangu nimemaliza. Za Samedi ni zenu.